Tumeuliza sana kuhusu taa, sasa tuulize kuhusu kituo cha polisi

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikimaliza kikao chake mikoani, iwe Mwanza, Tabora, Mbeya au Bukoba, si ajabu kukuta habari za namna moja zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp: watu waliohukumiwa kunyongwa, au waliokuwa wakitumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, wameachiwa huru. Sababu huandikwa kwa mstari mmoja tu, kwamba ushahidi wa utambuzi haukukidhi vigezo. Zamani hukumu ilikaa masjala na kusomwa na mawakili. Leo inapandishwa mtandaoni, mtu anasoma aya ya mwisho, anapiga picha ya skrini, na mjadala unaanza. Mjadala wenyewe tunaujua. Majambazi wameponea kwenye mwanya wa kisheria. Majaji wanalala kwenye nyumba zenye walinzi, hawajawahi kuvamiwa. Mama wa watu kawaona kwa macho yake, wamekaa naye chumbani nusu saa nzima, leo anaambiwa hakuona.

Nadhani mjadala huu umebisha hodi mlango usio wake. Kumwachia mtu kwa sababu hakutambuliwa ipasavyo hakuna uhusiano na ufundi wa sheria. Hapo mahakama imeuliza swali ambalo hata bibi yako asiyejua sheria angeliuliza: una hakika ni huyu? Lakini sikubaliani moja kwa moja na wanaozitetea mahakama pia. Sheria yetu ya utambuzi imejengwa juu ya usiku wa tukio: taa, umbali, muda. Utambuzi, hata hivyo, huharibika zaidi mchana, katika siku zinazofuata, pale kituoni, mbele ya kamera za waandishi na kwenye simu zetu wenyewe. Huko ndiko anakopatikana mfungwa asiye na hatia, na huko huko ndiko anakopatikana jambazi anayeshinda rufani.

Tuanze na sheria ilivyo, maana wengi wanaoilaani hawajaisoma. Mwaka 1953, katika shauri la Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba shahidi mmoja anaweza kutosha kuthibitisha jambo, lakini kama ni shahidi wa utambuzi na mazingira yalikuwa magumu, ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa mno. Mwaka 1967, katika shauri la Roria, mahakama hiyo ilirejea kauli ya Lord Gardner wa Uingereza kwamba, kama wapo watu wasio na hatia wanaotiwa hatiani, basi kesi tisa kati ya kumi za namna hiyo zitakuwa ni za utambuzi. Waingereza wenyewe walichelewa. Mwongozo wao maarufu, wa shauri la Turnbull, ulitoka mwaka 1976, baada ya kamati ya Lord Devlin kuchunguza watu waliofungwa kwa kufananishwa. Sisi tukapata wa kwetu mwaka 1980, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, shauri ambalo hakuna wakili wa jinai Tanzania asiyelijua kwa moyo. Majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa kumwona ni wa aina dhaifu kuliko zote na usiotegemeka, na kwamba mahakama isiutumie mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Wakaorodhesha mambo ya kupima: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Kenya nayo ikafuata njia hiyo hiyo katika shauri la Maitanyi la mwaka 1986, ikisisitiza aina ya mwanga, ukubwa wake na mahali ulipokuwa ukilinganisha na mtuhumiwa.

Ndiyo maana ukiingia mahakamani siku ya kesi ya unyang'anyi utadhani ni usaili wa mafundi umeme. Taa ilikuwa ya aina gani? Ya sola. Ilikuwa wapi? Ukutani. Ukuta upi, wa mlangoni au wa kitandani? Pazia lilikuwa limefungwa? Mwanga wake ulikuwaje? "Ulikuwa mkali, niliona kila kitu." Mkali kiasi gani? Hapo shahidi humtazama hakimu kana kwamba anaulizwa uzito wa kivuli. Watu hucheka, lakini maswali hayo yana akili. Chemli iliyowekwa sakafuni inamulika kidevu na pua, macho yanabaki shimoni. Sura unayoiona si ile ambayo mtu huyo anatembea nayo mchana. Na tochi ndiyo mbaya zaidi. Aliyeishika anakuona wewe, wewe unaona duara jeupe. Mahakama ya Rufani imeshaeleza zaidi ya mara moja kwamba anayemulikwa ndiye anayetambulika kirahisi, si anayemulika, lakini bado mashahidi wanapelekwa kizimbani kusema walimtambua mwizi kwa tochi ya mwizi mwenyewe.

Kwa hiyo swali la taa ni sahihi. Shida yake ni kwamba haliwezi kubeba mzigo wote tuliolibebesha.

Tazama hoja ya kwanza ya walalamikaji: shahidi anajua alichokiona na hana sababu ya kumsingizia mtu, mwenye macho haambiwi tazama. Inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Mashahidi wengi hawasingizii mtu. Wanasema kwa moyo mweupe kitu ambacho si sahihi, na hakuna dodoso la wakili linaloweza kumnasa mtu asiyedanganya. Mwaka 1896 mjini London, Adolf Beck alifungwa miaka saba baada ya wanawake, mmoja baada ya mwingine, kumwonyesha kidole kwamba ndiye tapeli aliyejifanya mtu mkubwa, akawatembelea majumbani na kuondoka na vito vyao. Alidaiwa kuwa ndiye yule yule aliyewahi kufungwa mwaka 1877 kwa utapeli wa namna hiyo. Kumbukumbu za gereza zilikuja kuonyesha kwamba mfungwa wa 1877 alikuwa ametahiriwa. Beck hakuwa ametahiriwa. Hata hivyo alikaa ndani, akatoka 1901, na mwaka 1904 akakamatwa tena na kutiwa hatiani tena kwa kutambuliwa na wanawake wengine, mpaka mhusika mwenyewe alipokamatwa katikati ya sakata. Sakata hilo lilichangia Uingereza kuanzisha mahakama ya rufani za jinai mwaka 1907. Sasa wapitishe wanawake wale kwenye vigezo vya Waziri Amani. Mwanga? Walikaa na tapeli sebuleni. Umbali? Kiti na kiti. Muda? Wa kutosha kunywa chai. Wangefaulu wote, na wote walikuwa wamekosea.

Wala wingi wa mashahidi hausaidii kama tunavyodhani. Jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1984, mtoto wa miaka tisa aliuawa. Mchoro wa sura ya muuaji ukatangazwa, mtu akapiga simu kusema unafanana na Kirk Bloodsworth, na mwaka uliofuata mashahidi watano wakamweka Bloodsworth karibu na eneo la tukio au pamoja na marehemu. Alihukumiwa kifo. Vipimo vya vinasaba vilimtoa mwaka 1993, wa kwanza kutolewa kwa njia hiyo kati ya Wamarekani waliowahi kuhukumiwa kifo. Miaka kumi baadaye vinasaba vile vile vikamtaja mhusika, mtu aliyekuwa akitumikia kifungo kingine katika gereza alilowahi kukaa Bloodsworth. Katika mamia ya watu ambao Marekani imewaachia kwa vinasaba, karibu saba katika kila kumi kesi zao zilikuwa na shahidi aliyemtambua mtu siye.

Kesi ninayoona inatufundisha zaidi, hata hivyo, ni ya Ronald Cotton wa North Carolina, kwa sababu ndani yake unaona mchana ukifanya kazi ambayo usiku haukuifanya. Julai 1984 mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 22 alibakwa chumbani kwake. Hakuzimia, hakufumba macho. Kwa makusudi kabisa alimkariri mbakaji, uso, sauti, kimo, ili akipona amtie mbaroni. Siku chache baadaye polisi walimpa picha sita. Alizitazama kwa muda, akachagua ya Cotton, bila uhakika mkubwa. Kisha likaja gwaride la utambuzi, yaani watu hai waliopangwa mstari ili amwonyeshe mhusika. Kati ya waliopangwa, Cotton alikuwa ndiye pekee ambaye picha yake ilikuwemo kwenye zile za mwanzo. Akamchagua, safari hii naye akisitasita kati ya wawili. Polisi wakamwambia kwamba huyo ndiye aliyemchagua kwenye picha. Hebu fikiria kinachotokea kichwani kwa mtu aliyeumizwa, aliyekuwa anaogopa kukosea, anapoambiwa na askari kwamba amepatia. Januari 1985 alipopanda kizimbani hakuwa na chembe ya shaka. Mwaka 1987 kesi ilirudiwa, na mbakaji halisi, Bobby Poole, aliletwa mahakamani akawekwa mbele yake. Alisema hajawahi kumwona mtu huyo maishani mwake. Cotton alitoka gerezani Juni 1995, vinasaba vilipomtaja Poole, na Poole akakiri.

Mwaka 1998 Gary Wells na Amy Bradfield, wanasaikolojia wa Marekani, walifanya jaribio ambalo natamani kila hakimu wetu alisikie. Waliwaonyesha watu video ya kamera ya ulinzi yenye mtu mwenye bunduki, halafu wakawapa picha wachague, bila kuweka picha ya mtu huyo. Kila aliyechagua alikuwa amekosea. Baadhi yao wakaambiwa maneno machache tu: vizuri, umemtaja mtuhumiwa. Baadaye wote wakaulizwa maswali. Walioambiwa "vizuri" walisema kwamba tangu mwanzo walikuwa na uhakika zaidi. Hilo labda ungelitegemea. Lakini walisema pia kwamba walimwona mtu yule vizuri zaidi, kwamba waliutazama uso wake kwa makini zaidi, kwamba iliwachukua muda mfupi kumtambua. Video ilikuwa ile ile moja.

Rudi sasa kwenye maswali yetu ya taa. Anayeyajibu ni nani? Ni shahidi yule yule. Nani anatuambia mwanga ulikuwa mkali, umbali ulikuwa hatua tatu, jambazi alikaa ndani dakika ishirini? Ni yeye. Kama kituoni ameshaambiwa kwamba aliyemchagua ndiye, basi taa yake inaongezeka mwanga na dakika zake zinaongezeka urefu, naye hajui kwamba zimeongezeka. Vigezo tulivyoviweka kupima kumbukumbu vinajazwa na kumbukumbu hiyo hiyo baada ya kuguswa. Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey ililiona hili katika shauri la Henderson mwaka 2011, ikaamua kwamba haitoshi tena kuuliza mazingira ya tukio. Upande wa mashtaka uulizwe pia jinsi polisi walivyouendesha utambuzi. Sisi hatujafika hapo kwa ukamilifu, ingawa nyenzo tunazo.

Nasema nyenzo tunazo kwa sababu kanuni za gwaride la utambuzi hapa kwetu ni za kale kuliko uhuru. Shauri la Mwango bin Manaa la mwaka 1936 liliziweka, na PGO namba 232, moja ya kanuni za ndani za Jeshi letu la Polisi, inazirudia kwa kiasi kikubwa: mtuhumiwa aelezwe kwamba anaweza kuwa na wakili au rafiki yake, apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, kimo, mwonekano na hali ya maisha, achague mwenyewe pa kusimama, shahidi asimwone kabla, na askari mwenye jalada la kesi asiliendeshe gwaride. Ni kanuni nzuri. Zina tundu moja, kwamba mpelelezi haruhusiwi kuendesha lakini anaruhusiwa kuwepo, na utafiti wa leo unasema tatizo linaanzia hapo hapo kwenye kuwepo. Mtu anayejua jibu hupumua tofauti shahidi anaposimama mbele ya mtu namba tano. Hahitaji kukonyeza. Ongeza mambo ambayo karatasi haiyaoni. Mahabusu amekaa ndani siku kadhaa, hajanyoa, alishavuliwa mkanda na viatu alipoingia lokapu. Wenzake wanane wameokotwa barabarani dakika kumi zilizopita, wamechana nywele na wengine wananukia sabuni. Fomu itasema walikuwa wanafanana.

Na hilo ni gwaride linapofanyika. Mara nyingi utambuzi unakuwa umeshakwisha kabla yake. Mlalamikaji anaitwa kituoni kwa jambo jingine, anamkuta kijana amekaa chini kaunta na pingu mkononi. Anaulizwa, ndiye huyu? Au kamanda wa polisi wa mkoa anaitisha waandishi, watuhumiwa wanapangwa mstari mbele ya mapanga, televisheni zilizokamatwa na bodaboda mbili, na jioni uso wa kila mmoja uko kwenye taarifa ya habari. Au hata kamanda hahusiki: jirani mwenye simu amepiga picha wakati mtuhumiwa anashushwa kwenye defenda, na kufikia adhuhuri picha imefika kwenye kundi la mtaa pamoja na maneno "hawa ndio waliomvamia mama fulani". Mama fulani naye yumo kwenye kundi. Wiki moja baadaye analetwa kwenye gwaride. Anachokikumbuka ni uso wa usiku ule au wa ile picha? Hawezi kujua, na si kosa lake. Nyumba ikivunjwa, polisi wazuri huzuia watu wasikanyage alama za nyayo mpaka wapelelezi wafike. Kichwa cha shahidi ni eneo la tukio pia, lakini hicho tunakiacha kila mtu apite na viatu vyake.

Kwa haki ya mahakama, yapo maamuzi yaliyochungulia upande huu. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwake, na kwamba ucheleweshaji usioelezeka uifanye mahakama ijiulize. Katika Jaribu Abdallah la mwaka 2003 ilionya kwamba hata mazingira yakiwa mazuri kabisa, uaminifu wa shahidi bado ni swali la kujitegemea. Na mahakama za kwetu na za Kenya zimekataa mara nyingi utambuzi wa kizimbani usiotanguliwa na gwaride. Niliwahi kukaa kwenye benchi la wasikilizaji nikaona utambuzi wa aina hiyo: shahidi anaulizwa kama mvamizi yumo humu ndani, naye, baada ya kutazama chumba chenye mawakili wa suti, karani na wazee wawili wa baraza, anamwonyesha mtu pekee aliyekaa kati ya askari magereza wawili. Mwandishi wa mwenendo aliandika kwamba shahidi amemtambua mshtakiwa.

Hoja ya pili, na hii ina uzito, ni kwamba kesi nyingi za vijijini ni za watu wanaofahamiana. Sheria inakubali kwamba kumjua mtu unayemfahamu ni imara kuliko kumtambua mgeni. Mahakama ya Rufani ya Kenya ililisema hilo wazi katika shauri la Anjononi la mwaka 1980. Nakubali, lakini nusu. Uamuzi wa Turnbull wenyewe ulikumbusha kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki. Na kijijini kuna hatari nyingine ambayo London haina: mtu akivamiwa usiku, kabla hata ya kumaliza kupiga yowe, kichwa chake kinatafuta nani angeweza kumfanyia hivi. Yuko yule kijana aliyewahi kuiba mbuzi. Yuko yule mwenye ugomvi wa shamba na baba. Kivuli chenye kimo cha kijana yule kinapata jina lake, na kufikia asubuhi kwa mjumbe jina hilo limeshasemwa na watu saba. Hapo hakuna aliyesema uongo, na gwaride halina maana tena kwa sababu wote wanamjua.

Hoja nzito kuliko zote ni ya walioumizwa. Majambazi huja usiku, huvaa kofia, hawaachi risiti. Sampuli ya vinasaba kutoka wilaya ya pembezoni mpaka maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni safari, gharama na subira. Tukidai ushahidi usio na tundu hata moja, wanasema, tunawaambia wanawake waliobakwa na wazee waliokatwa mapanga kwamba sheria haina habari nao. Sina jibu jepesi kwa mtu anayesema hivi, na simwamini mwenye jibu jepesi. Lakini utafiti mpya unasaidia upande wake kuliko anavyodhani. Mwaka 2017 Gary Wells yule yule na John Wixted, watu waliowahi kuvutana sana juu ya jinsi ya kuendesha magwaride, waliandika pamoja kwamba uhakika wa shahidi ni kipimo kizuri cha usahihi wake kwa sharti moja: upimwe mara ya kwanza kabisa anapomtambua mtu, katika gwaride safi, kabla hajaambiwa chochote. Uhakika wa kizimbani miaka mitatu baadaye hauna thamani hiyo. Kwa maneno mengine, mama aliyevamiwa ana ushahidi mzuri siku ya kwanza. Jaji wa rufani hakuukuta mzima kwa sababu ulishaharibika njiani, na akimwachia mtu, anayestahili kuulizwa ni aliyeupokea siku ile ya kwanza.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa na viongozi, ni kwamba kamera zitatumalizia tatizo. Tufunge CCTV, tuweke programu za kutambua sura kama zilivyo miji mikubwa duniani, shahidi apumzike. Kwanza, binadamu ni wabovu katika kulinganisha sura za watu wasiowajua hata pasipo kumbukumbu yoyote kuhusika. Vicki Bruce na wenzake, Uingereza, mwaka 1999, waliwapa watu picha nzuri iliyotolewa kwenye video pamoja na picha kumi za kulinganisha, zote mbele ya macho, bila haraka, na bado walikosea karibu mara tatu katika kila kumi. Pili, mashine yenyewe hukosea na haikosei kwa usawa: taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani ilipima programu nyingi mwaka 2019 na kukuta kwamba nyingi ziliwafananisha kimakosa watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko wazungu. Yaani mashine hizo zinayumba zaidi kwenye nyuso kama zetu. Tatu, na hili ndilo lililompata Robert Williams wa Detroit, mashine haimwondoi shahidi, inamlisha. Programu ilifananisha picha ya mwizi wa saa na picha ya leseni ya Williams. Polisi wakaiweka picha hiyo kati ya sita wakampelekea mtu wa ulinzi ambaye hakuwepo dukani siku ya wizi, alichowahi kuona ni video tu. Akaichagua. Januari 2020 Williams alikamatwa nje ya nyumba yake, mbele ya mke na watoto, akalala mahabusu. Kwenye makubaliano ya mwaka 2024, polisi wa Detroit walizuiwa kumkamata mtu kwa matokeo ya mashine peke yake, au kwa gwaride la picha lililozaliwa na matokeo hayo. Sisi tunataka kununua walichokwisha kuwekewa breki wenzetu.

Kuna jambo ambalo mjadala wa mitandaoni haulihesabu kabisa. Unyang'anyi wa kutumia silaha na mauaji ni makosa yasiyo na dhamana Tanzania. Aliyetambuliwa kimakosa anaanza kutumikia siku anayokamatwa. Akitiwa hatiani, kima cha chini cha unyang'anyi ni miaka 30, na kwa mauaji ni kunyongwa. Akishinda rufani baada ya miaka minane au kumi, kijiji kinamsubiri na jina lile lile, na ushindi wake unaitwa mwanya. Upande wa pili, jalada linafungwa. Sijasikia polisi wetu wakirudi nyuma baada ya rufani kuuliza basi ni nani, kwa sababu kufikia hapo mashahidi wamezeeka, wamehama, na kumbukumbu zao zina uso mmoja tu, wa mtu aliyeachiwa. Wanaodai kwamba rufani zinawanufaisha majambazi wangekuwa na hoja kama wangesema hivi: jambazi halisi ananufaika siku ile ya kwanza, askari anapoandika "niliwatambua kwa sura na mavazi" bila kuuliza sura gani na mavazi gani.

Marekebisho yake, kwa bahati, hayahitaji Bunge wala mkopo. Maelezo ya kwanza ya mlalamikaji yachukuliwe kabla jina lolote halijatajwa mbele yake, kwa maneno yake, yakisema mvamizi alikuwaje: rangi, kimo, kovu, lafudhi, alitembeaje, na kama hakuona uso, iandikwe hakuona uso. Gwaride liendeshwe na askari asiyejua mtuhumiwa ni yupi, hata akiazimwa kutoka kikosi cha usalama barabarani, mpelelezi akae nje ya uzio, na mtu mmoja arekodi kwa simu kuanzia shahidi anapoingia mpaka anapotaja kiasi cha uhakika wake. Simu zipo, tunazitumia kurekodi watuhumiwa kwa ajili ya mitandao. Inspekta Jenerali anaweza kutoa agizo wiki hii kwamba hakuna uso wa mtuhumiwa kuonyeshwa kwa waandishi kabla ya gwaride, na anayekiuka aeleze kwa maandishi. Mahakimu nao waongeze swali moja baada ya lile la taa: tangu usiku ule hadi unamwonyesha huyu, ulionyeshwa nani, na uliambiwa nini?

Aliyeshika ufunguo hasa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa sababu jalada haliendi Mahakama Kuu bila yeye. Waendesha mashtaka wake wanajua sheria hizi kuliko mimi. Ndio wanaosimama mbele ya majaji wa rufani kukiri kwamba wameshindwa kuitetea hukumu waliyoipata wenyewe miaka iliyopita. Wasisubiri mpaka wafike huko. Jalada la kesi ya utambuzi likifika mezani bila maelezo ya mwonekano ya siku ya kwanza, bila rekodi ya gwaride, au likiwa na mtuhumiwa aliyekwisha kuonyeshwa kwenye runinga, lirudishwe kituoni wiki hiyo hiyo, shahidi akiwa bado anakumbuka na jambazi akiwa bado yuko karibu.